Masaji ya limfu, mkono wa shangazi na foleni ya Malaba

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya kuhifadhi data kwenye simu wakati mtandao umekatika, na wawili watatu wenu mmeshaniuliza iko wapi. Inakuja. Leo naomba mnivumilie niandike juu ya jambo ambalo kwa kulitazama halihusiani kabisa na kuandika programu.

Nataka kuzungumzia masaji ya limfu, ile ambayo watu wanajifanyia nyumbani. Kama unatumia simu yenye mtandao umeshaiona. Mtu anajipapasa shingo kwa vidole, anashuka kifuani, kisha anatuonyesha uso wa "kabla" na uso wa "baada". Tunaambiwa sumu imetoka mwilini, tumbo limeshuka, ngozi inang'aa. Hapa Malaba ninapofanyia kazi, jambo hili limeshavuka kutoka kwenye simu hadi barabarani. Kuna krimu ya "kufungua limfu" inayouzwa karibu na steji, na kuna saluni iliyoandika huduma hiyo ukutani, chini ya kusuka na kupaka rangi kucha.

Nitaanza na msimamo wangu, ili mwenye haraka asome aya hii aondoke. Masaji ya limfu ni kitu cha kweli. Ina wagonjwa wake, na imewasaidia. Tatizo ni kwamba wagonjwa hao ndio ambao hakuna anayewaambia, na wanaoambiwa usiku na mchana ni wale wasioihitaji. Tumeigeuza dawa ya mwenye uvimbe kuwa kipodozi cha mwenye afya. Nasema hivi kwa sababu ya mkono wa shangazi yangu.

Shangazi anauza omena na nafaka upande wa Busia. Mwaka 2021 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi la kulia. Walitoa uvimbe, wakatoa na tezi za kwapani, kisha akapewa tiba ya mionzi. Tulishukuru Mungu, akarudi nyumbani. Hospitali hiyo sitaitaja, lakini karatasi aliyotoka nayo ilikuwa na tarehe za kurudi kliniki na majina ya dawa tu. Hakuna aliyemwambia kuwa mkono wa upande ule unaweza kuvimba baadaye.

Miezi minane baadaye mkono ukaanza. Kwanza pete ilikataa kutoka. Kisha mkono wa blauzi ukawa unabana. Yeye akaamua moyoni kuwa saratani imerudi, na akaamua pia kutomwambia mtu. Akawa anajifunika leso hata jua likiwa kali. Biashara akamwachia binti yake. Majirani nao hawakukosa la kusema: kuna waliosema amerogwa, kuna waliosema amekanyaga dawa ya mtu sokoni. Mwishowe akanunua ile krimu, na akamlipa mtu wa kuchua amchue mkono kwa nguvu, kwa maji ya moto, mpaka "damu itembee". Siku tatu baadaye mkono ulikuwa mwekundu, una moto, na yeye ana homa na anatetemeka. Hapo ndipo tulipojua, kwa sababu hapo hakuweza tena kuficha.

Alitibiwa maambukizi kwa antibayotiki, kisha daktari akamtuma kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mimi ndiye niliyempeleka. Yule dada akamlaza shangazi, akaanza kumgusa shingoni taratibu mno, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye kioo cha simu. Shangazi akanigeukia (mimi nina jina la baba yake, kwa hiyo huniita baba) akasema, "Baba, nimepanda matatu saa kumi na moja asubuhi nije kupapaswa?"

Yule dada akacheka. Akamjibu, "Mama, tunaivuta ngozi. Nyama hatuitafuti."

Nami nikatoa daftari, kwa sababu sikuwa nimeelewa chochote.

Haya, tuingie kwenye mambo yenyewe. Moyo unapopiga, damu inafika kwenye mishipa midogo sana, na huko maji yake yanavuja kidogo kwenda kulisha nyama. Vitabu vingi vya tiba hukadiria kuwa takriban lita 20 huvuja kila siku, na sehemu kubwa hurudi kwenye damu. Hubaki kama lita 3 hivi, pamoja na protini ambazo ni kubwa mno kurudi kwa njia ile ile. Hizo ndizo zinazobebwa na mishipa ya limfu. Zikiwa njiani hupitia kwenye tezi, ambazo ni vituo vya ukaguzi: vijidudu hushikwa huko. Ndiyo maana ukiwa na kidonda mguuni unapata mtoki kwenye kinena.

Mwisho wa safari limfu hurudi kwenye damu, karibu na mtulinga, chini ya shingo. Milango ni miwili. Mlango mkubwa uko kushoto, nao hupokea limfu ya miguu yote miwili, tumbo, na upande wa kushoto wa kifua, kichwa na mkono wa kushoto. Mlango mdogo uko kulia, hupokea mkono wa kulia na upande wa kulia wa kifua na kichwa. Kwa mtu wa kwetu hii haihitaji mchoro. Kushoto ni Malaba, ambako malori mengi na reli hupita. Kulia ni Busia.

Tofauti kubwa na damu ni kwamba limfu haina moyo wa kuisukuma. Mishipa yake ina vali zinazoruhusu kwenda mbele tu, na kuta zake hujikaza zenyewe polepole. Zaidi ya hapo inategemea misuli unapotembea na pumzi unapovuta hewa hadi tumboni. Ukikaa bila kusogea, foleni inakua.

Sasa, shangazi alitolewa tezi za kwapa la kulia, na mionzi ikaunguza njia zilizobaki. Ni kama kituo cha ukaguzi kilicho kabla ya mpaka kimebomolewa na barabara imefunikwa kwa mawe. Malori yanaendelea kufika kutoka nyuma, kwa sababu moyo haujui kuwa njia imefungwa. Mnakumbuka mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri kupimwa korona ili waingie Uganda? Foleni ya Malaba ilirudi nyuma makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Mkono wa shangazi ulikuwa hivyo. Kibaya zaidi, protini zikikaa muda mrefu kwenye nyama, uvimbe ambao mwanzoni ulikuwa maji unaanza kuwa mgumu, na ngozi inakuwa nene. Kila mwezi wa kuficha una gharama yake.

Na hapa ndipo nilipoelewa ile masaji. Mtu yeyote akiona mkono umevimba atataka kuanza vidoleni, asukume maji juu. Masaji ya limfu hufanya kinyume. Huanza shingoni, kwenye mlango. Kisha kwapa lililo zima, la kushoto. Kisha kifuani, kuvuta ngozi polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha bega, kisha mkono wa juu, kisha chini ya kiwiko, na vidole ni vya mwisho. Haina maana kuyasukuma malori yatoke Bungoma wakati geti la Malaba halijafunguliwa. Unafungua mbele kwanza, halafu unasogeza nyuma kidogo kidogo. Na kwa kuwa njia kuu ya kwapa la kulia imeharibika, unaihimiza limfu ipite kwenye vijishipa vidogo vya chini ya ngozi kwenda upande wa pili. Kwa lugha ya huku mpakani, njia za panya. Hizi za mwilini hazina kosa kisheria.

Ndiyo maana pia mkono wa kukanda ni mwepesi. Vijishipa hivyo viko karibu sana na uso wa ngozi. Ukikandamiza kwa nguvu, badala ya kuvisaidia unavibana, na ukichua mpaka ngozi iwe nyekundu unaita damu zaidi, yaani malori zaidi. Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri: kuna kuchua, kuna kukanda, kuna kupapasa. Hii iko karibu na kupapasa. Neno "masaji" limetuponza, kwa sababu mtu akilisikia anafikiria mafuta na mifupa kulia.

Mbinu hii ina historia. Mume na mke kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder, waliitunga katika miaka ya 1930 wakifanya kazi Cannes, Ufaransa, na wakaionyesha Paris mwaka 1936. Baadaye madaktari wa Ujerumani, Michael Földi akiwa mmoja wao, waliiunganisha na mambo mengine matatu: bandeji au mkono wa kubana, usafi wa ngozi, na mazoezi. Mambo hayo manne kwa pamoja ndiyo tiba. Kwenye video za simu limebaki moja, lile linalopendeza kwa kamera.

Wasomaji wa ukurasa huu wananijua. Siwezi kuona tatizo bila kutaka kulipima. Yule dada wa fiziotherapia alinifundisha kupima mzingo wa mkono kwa utepe wa fundi cherehani, kila sentimita 4 kuanzia kifundo cha mkono kwenda juu. Kila kipande kati ya alama mbili kinachukuliwa kama kipande cha pia kilichokatwa ncha. Ujazo wake ni huu: chukua mzingo wa kwanza kwa kipeo cha pili, ongeza mzingo wa kwanza mara wa pili, ongeza mzingo wa pili kwa kipeo cha pili. Zidisha kwa urefu wa kipande. Gawanya kwa 12 mara pai. Mfano: mzingo wa sm 26 na wa sm 27, urefu sm 4. Jumla ya kwanza ni 676 + 702 + 729 = 2,107. Mara 4 ni 8,428. Gawanya kwa 37.7, unapata kama mililita 224. Jumlisha vipande vyote, fanya hivyo kwa mkono wa pili, kisha linganisha. Wataalamu wengi huchukulia tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kuwa uvimbe wa kushughulikiwa, ingawa ni vizuri kukumbuka kuwa mkono unaoutumia zaidi mara nyingi ni mkubwa kidogo hata kwa mtu mzima wa afya.

Niliweka hesabu hizo kwenye jedwali la kompyuta, binti yake akawa anaingiza vipimo kila Jumapili. Mkono wa kulia ulianza ukiwa mkubwa kwa karibu asilimia 25 kuliko wa kushoto. Wiki ya pili nikaona kipimo kimeruka juu ghafla, nikaogopa. Kumbe alikuwa amepimwa jioni badala ya asubuhi, na alama ya kwanza ilikuwa imeanzwa juu kidogo ya mfupa. Funzo ni lile lile la kazini: kabla ya kulaumu programu, kagua data. Pima saa ile ile, mtu yule yule, alama zile zile.

Baada ya miezi sita ya masaji ya dakika 20 kila jioni, bandeji, baadaye mkono wa kubana, na mazoezi, tofauti ilishuka hadi karibu asilimia 11. Je, ni masaji iliyofanya kazi hiyo? Hapa lazima niwe mkweli. Tulibadilisha mambo manne kwa wakati mmoja, jambo ambalo mwanafunzi wangu akilifanya kwenye programu nitamfokea. Kwa hiyo nilitafuta utafiti. Mwaka 2015 kundi la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima majaribio ya tiba, lilitoa tathmini ya masaji hii kwa wanawake waliovimba mkono baada ya saratani ya titi. Walipata majaribio 6 tu yenye watu 208. Hitimisho lao: ni salama, na ikiongezwa juu ya bandeji inaweza kupunguza uvimbe zaidi kidogo, hasa kwa wale ambao uvimbe wao si mkubwa sana. Kazi kubwa ilifanywa na bandeji. Matokeo kuhusu jinsi mtu anavyojisikia maishani yalikuwa ya kupishana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hata kwa mgonjwa halisi masaji ni msaidizi. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, nunua bandeji zinazofaa kwa kazi hiyo na umlipe mtu akufundishe kuzifunga. Krimu haimo kwenye orodha.

Utafiti mwingine ulimsaidia shangazi kuliko vyote. Alikuwa ameambiwa na kila mtu asibebe kitu kamwe. Kwa mwanamke wa sokoni, hiyo ni hukumu. Lakini mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio la wanawake 141 wenye uvimbe huo. Nusu walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja, wakianza na uzito mdogo, wakisimamiwa, na wakivaa mkono wa kubana. Uvimbe haukuongezeka kuliko kwa wenzao. Waliopata mlipuko wa uvimbe walikuwa asilimia 14, na wale wasionyanyua asilimia 29. Nilipomwonyesha yule dada wa fiziotherapia alisema analijua, na akampangia shangazi chupa za maji: nusu lita kwanza, kisha lita moja, kisha mbili. Shangazi hakuniuliza swali lolote la kisayansi. Aliuliza, "Kwa hiyo debe la omena nitalishika lini?"

Sasa nije kwenye aibu yangu mwenyewe. Baada ya kujifunza haya yote nilijiona daktari. Siku moja dereva aliyetoka Mombasa, safari ya takriban kilomita 900, aliegesha karibu na ofisi yetu Malaba. Alikuwa amekaa kwenye kiti usiku tatu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kwenye shavu la mguu, unauma, una joto. Utingo wake alikuwa ameshatoa mafuta ya kuchulia. Mimi, mjuaji, nikamwambia aache, nikaanza "kuutoa maji" kwa mbinu yangu ya kupapasa. Muuguzi mmoja aliyekuwa ananunua chapati pale kibandani akaona, akapaza sauti, "Wewe, acha huo mguu!" Akasema apelekwe hospitali sasa hivi, asitembeetembee. Picha ikaonyesha bonge la damu kwenye mshipa wa ndani. Bonge la namna hiyo likitoka mahali pake linaweza kwenda kwenye mapafu, na mtu akafa. Dereva alipewa dawa za kuzuia damu kuganda, na yuko salama. Lakini mimi nililala vibaya wiki nzima.

Kwa hiyo naomba hii orodha uikumbuke hata ukisahau mengine yote:

1. Mguu au mkono mmoja uliovimba ghafla, wenye maumivu au joto: usiukande kwa namna yoyote. Hospitali. Akiwa na shida ya kupumua au maumivu ya kifua, ni dharura.

2. Ngozi nyekundu, yenye moto, pamoja na homa: ni maambukizi. Usikande. Hospitali.

3. Miguu yote miwili imevimba na unakosa pumzi ukilala chali: huenda ni moyo. Kuusukumia maji zaidi si msaada.

4. Uso umevimba asubuhi na mkojo una povu: wakague figo.

5. Mjamzito aliyevimba uso na mikono, ana kichwa kinachouma au haoni vizuri: aende leo, asingoje kesho.

6. Uvimbe usioujua chanzo chake, au aliyewahi kuwa na saratani: daktari kwanza, vidole baadaye.

Orodha hii ndiyo sababu inayonifanya niikasirikie biashara ya "kutoa sumu". Watu husema, "Si maji tu na krimu, itamdhuru nani?" Itamdhuru mwenye bonge la damu, na mwenye figo, na shangazi yangu. Uvimbe ni ujumbe wa kosa ambao mwili unauandika kwenye skrini. Ukiufuta ujumbe bila kuusoma, kosa linabaki pale pale. Na kuhusu sumu zenyewe, mwili una ini na figo, na vyote viwili vinafanya kazi usiku ukiwa umelala, bila malipo. Unene pia hauondoki kwa kupapaswa. Kilichosogea ni maji, na ukinywa chai yatarudi.

Kwetu sisi tunaokaa kutwa, mwenye kompyuta na mwenye usukani, kama miguu yote miwili inavimba kidogo jioni na asubuhi imepona, dawa ni kusogea. Shavu la mguu ni pampu. Nimeweka kengele kwenye kompyuta yangu: kila dakika 45 nasimama, nainua visigino mara 20, natembea hadi getini na kurudi. Jioni nainua miguu juu ya mto. Haipendezi kwenye video lakini soksi zangu hazichori tena alama.

Na tusisahau kuwa Afrika Mashariki ina wenye uvimbe wa limfu ambao hawajawahi kuguswa na saratani. Pwani kuna matende, yanayoletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Huku karibu na kwetu, kwenye udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Elgon, wapo wanaovimba miguu kwa sababu ya udongo wenyewe, baada ya miaka ya kulima na kutembea pekupeku. Daktari Mwingereza Ernest Price alieleza uhusiano huo wa udongo na uvimbe alipokuwa Ethiopia katika miaka ya 1970. Mwaka 2015 watu wa Kamwenge, magharibi mwa Uganda, waliovimba miguu walichunguzwa ikaonekana ni ugonjwa huo huo. Wengi wa watu hawa wamefichwa nyumbani wakiitwa waliorogwa, kama shangazi. Msaada wao wa kila siku ni sabuni na maji, kukausha vizuri katikati ya vidole, mafuta ya kulainisha ngozi, kuinua mguu, bandeji, na viatu.

Je, hakuna faida kwa mtu mzima wa afya anayejipapasa shingo usiku? Ipo, na sitaki kumnyang'anya. Kukaa kimya dakika 15, kuvuta pumzi hadi tumboni, kugusa mwili wako kwa upole baada ya siku ya kelele za mpakani, hilo linatuliza. Utalala vizuri zaidi. Kwa shangazi nadhani hilo lilikuwa kubwa kuliko ile asilimia 11. Kwa mwaka mzima mkono ule alikuwa anauficha na kuuogopa. Sasa kila jioni, taarifa ya habari ikianza, anauweka juu ya mto na kuushika mwenyewe. Aliniambia, "Baba, nimeuzoea tena. Ni wangu." Mimi jedwali langu halina safu ya kuandikia kitu kama hicho. Ila tuite jina lake: ni kujituliza. Tusikiuze kama tiba ya kila kitu.

Ninachotaka ni vitu viwili, na vyote ni vya bei nafuu.

Kwanza, kila mwanamke anayetolewa tezi za kwapani atoke hospitali akiwa ameambiwa kwa lugha anayoielewa kuwa mkono unaweza kuvimba, hata baada ya miezi au miaka, na aende kwa nani ukianza. Dakika tano tu. Zingemwokolea shangazi karibu mwaka mzima wa hofu.

Pili, Septemba 2023 Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000, wanaotembea nyumba kwa nyumba na simu za kuingiza taarifa. Kupima mzingo wa mkono wa mtoto kwa utepe, kuangalia utapiamlo, ni kazi ya kawaida ya wahudumu wa aina hii. Kuongeza swali moja kwenye fomu, "Je, kuna mtu mzima hapa mwenye mkono au mguu uliovimba?", ni kazi ya mchana mmoja kwa mwandishi wa programu. Naijua kazi hiyo, ndiyo ninayofanya kila siku. Swali hilo lingewatoa watu wengi chini ya leso.

Shangazi amerudi sokoni. Debe la omena analishika kwa mikono miwili, mkono wa kubana ukiwa ndani ya blauzi, na mteja akiuliza ni kitu gani anamweleza mpaka achoke. Wanawake wawili wameshampeleka kando na kumwonyesha mikono yao. Amewatuma kwa yule dada wa fiziotherapia, na mmoja akarudi analalamika kuwa alipapaswa tu.

Jedwali la vipimo anayelitaka aniandikie nitamtumia. Sehemu ya pili ya makala ya data inakuja Jumamosi, safari hii kweli.